Kutoka nati nne hadi nati tano

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko! Nilikuwa gereji. Kila jioni baada ya vipindi nilikuwa narudi hosteli mikono imejaa grisi, na leo nataka niwasimulie kwa nini, maana hili jambo limenifundisha kuliko hata semina nyingine za hapa Mlimani.

Mwenzangu wa chumbani aliachiwa gari na marehemu baba yake. Siyo Vitz, siyo Corolla, ni Nissan Silvia ya mwaka 1991, ile ambayo wapenda magari wanaiita S13. Milango miwili, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, taa za mbele nyembamba kama macho ya mtu anayesinzia. Mzee alikuwa anaipenda kupita kiasi. Sasa mashimo ya Dar hayajui mapenzi, bwana. Rimu moja ikapasuka, ikachomelewa, ikapasuka tena pembeni ya pale pale. Ya pili nayo ikaanza kuvuja upepo. Jamaa akaanza kutafuta rimu nyingine za aina ile ile. Hakuna.

Sababu ya kukosa ni hesabu ndogo tu. Kila habu ina bolti zilizopangwa kwenye duara, na kila gari lina duara lake. Corolla 110 na Vitz zina bolti 4 kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Mark II, Harrier na X-Trail zina bolti 5 kwenye duara la milimita 114.3. (Mkishangaa hiyo .3 imetoka wapi, ni inchi nne na nusu kamili.) Silvia yetu ina bolti 4 kwenye duara la 114.3. Yaani ni popo: kwa ndege haitakiwi, kwa wanyama haitakiwi. Hesabu ya bolti ni ya magari madogo, duara ni la wakubwa. Rimu za namna hiyo zilikuwepo kwenye Nissan kadhaa za zamani, ila mtaani siku hizi utazunguka mpaka viatu viishe.

Ikabidi tuzungumze habari ya kuihamisha gari kwenda bolti 5. Na hapo ndipo kila mtu akaja na ushauri wake.

Ushauri wa kwanza: toboa. Mdogo wake jamaa alikuwa na fundi tayari, anasema habu zinatobolewa matundu mapya siku moja tu, bei ya chipsi kuku. Mimi nikachukua karatasi. Matundu manne yanaachana nyuzi 90, matano yanaachana nyuzi 72. Ukitumia tundu moja la zamani kama mwanzo, tundu jipya lililo karibu zaidi na la zamani linakuwa umbali wa nyuzi 18. Kwenye duara hilo ni kama milimita 18 kutoka kati hadi kati. Toa unene wa bolti zenyewe, nyama ya chuma inayobaki katikati ni kama milimita 5. Tano! Na hapo fundi awe amepiga kila tundu mahali pake kabisa, kwa drili ya mkono. Kwenye rimu ndiyo usiseme, maana kule nati inahitaji kikalio kipana, matundu yangeingiliana.

Ushauri wa pili: adapta. Ni sahani nene ya aluminiamu, unaifunga kwenye habu kwa nati 4, halafu yenyewe ina bolti 5 za kushika rimu. Tuwe wakweli, zipo adapta nzuri, zimetengenezwa kwa gari husika na zinakaa vizuri kwenye kitovu cha habu. Zile alizoletewa jamaa hazikuwa na hata alama ya kiwanda, na tundu la katikati lilikuwa linacheza. Unene milimita 20, maana yake kila tairi linasogea nje milimita 20, linakaribia kugusa bodi, na beringi inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Ila kilichonitisha zaidi ni zile nati 4 za ndani. Ukishafunga rimu juu yake huzioni tena. Zikilegea, utajuaje?

Hili naomba mlishike, maana wengi tunadhani bolti ndiyo inayobeba gari kama msumari unavyobeba picha ukutani. Sivyo. Nati ikikazwa, bolti inavutika kidogo kama mpira, inaibana rimu kwenye uso wa habu, na msuguano wa huo mbano ndio unaofanya kazi kubwa. Mbano ukipungua, rimu inaanza kucheza, bolti zinaanza kupindwa huku na huku kila mzunguko, na chuma kinachopindwa hivyo mwisho wake mnaujua.

Ushauri wa tatu ulitoka kwa fundi mzee, mtu mpole, kila mtu kwake ni mwanangu. Alisema: "Wanangu, badilisheni habu zenyewe. Silvia iliyofuata, S14, ipo yenye habu za bolti tano." Alikuwa sahihi, ila kubadilisha habu ni pamoja na diski za breki zenye matundu matano, kalipa za kuendana nazo, na beringi. Jamaa akapiga simu kwa mtu anayeleta spea za mtumba kutoka Japani. Bei aliyotajiwa, duh! Pesa ya adapta ilikuwa mfukoni. Pesa ya habu haikuwepo kabisa.

Tulibishana usiku ule mpaka jirani akagonga ukuta. Jamaa aliniambia, "Wewe unaongea kirahisi, siyo gari lako." Kweli siyo langu. Nikamwuliza kitu kimoja tu: kliniki mama anaenda na nini? Anaenda na gari hilo hilo, kila mwezi, anakaa mbele kushoto. Jamaa akanyamaza muda mrefu. Kesho yake adapta zilirudi dukani.

Gari likakaa juu ya stendi miezi miwili na nusu. Mwenzangu akawa anapiga tuition jioni, akauza na spika zake (chumba kimekuwa kimya kama maktaba). Mzigo ulipofika, fundi mzee hakufunga kitu kabla ya kuhesabu meno ya shafti za nyuma na kulinganisha na habu. Yakalingana. Siku mbili kazi ikaisha.

Wale mnaotaka kufuata njia hii, sikilizeni. Rimu za Mark II zina bolti tano na duara lile lile, lakini tundu la katikati ni milimita 60.1, wakati kitovu cha habu ya Nissan ni 66.1. Haziingii! Usikubali mtu azigonge kwa nyundo. Tulichukua za X-Trail, zina 66.1, zikakaa kama zimezaliwa pale. Nati nazo: za Nissan uzi wake ni 12 kwa 1.25, za Toyota 12 kwa 1.5. Ukilazimisha unakula uzi. Piga uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka ung'ae, kaza kwa mtindo wa nyota, na ukishatembea kama kilomita 80 kaza tena. Na ukienda kupima rimu ya matundu matano, pima kati hadi kati ya matundu mawili yanayofuatana: ukipata kama milimita 67, ni 114.3. Ukipata kama 59, ni duara la 100.

Kuna siku mama mwenyewe alikuja gereji. Tukamwamkia, akaizunguka gari polepole, akainama kuangalia magurudumu. "Baba yenu angegomba," akasema. Jamaa akainamisha kichwa. Mama akaendelea: "Angegomba kidogo, halafu angeomba funguo."

Habu za zamani zimepakwa grisi, ziko kwenye boksi chini ya kitanda cha mwenzangu. Haziuzwi, msiulize. Kazi kwenu wadau, tuonane wiki ijayo.