Baba Atekaye kwa Manyoya

Sisi tuliozaliwa Butembo hatulijui jangwa. Mji wetu umekaa juu ya vilima, mita 1,700 na zaidi; mvua si haba, na maji yamo bondeni. Kazi ni kuyapandisha. Nyumbani mwetu kazi hiyo ilikuwa ya mama watoto na binti yetu wa miaka kumi: bidoni mgongoni, ukanda kipajini, asubuhi na jioni. Binti alipolalamika kwamba shingo yamwuma, tulimjibu, "Wenzako wote hubeba." Sisi tulikunywa tu.

Mwaka juzi tulikwenda Mombasa kuleta bidhaa, na wakati wa kurudi lori likaharibika karibu na Voi, katika nchi kavu ya Tsavo. Tulikaa siku tatu. Mzee mmoja mchunga mbuzi alituonyesha dimbwi, na hapo ndipo tulipomwona firigogo.

Ni ndege wa umbo la njiwa, rangi yake kama mchanga na majani makavu, hata akitulia humwoni mpaka ukaribie kumkanyaga. Chakula chake ni mbegu kavu, kwa hiyo hana budi kunywa. Jua lilipopanda kidogo makundi yalishuka, yakanywa upesi, yakaruka. Lakini mmoja alibaki. Aliingia majini, akawa anatikisa tumbo kama mtu afuaye nguo.

"Mzee, yule anaoga?" tuliuliza.

"La, mwanangu. Anateka. Huyo ni baba, ana watoto."

Tulicheka. Baadaye tulisoma, tukaona haya. Makinda wa firigogo huacha kiota mapema na kujitafutia mbegu, ila hawawezi bado kuruka kwenda majini. Manyoya ya tumbo la dume yana vinyuzi vilivyojisokota. Vikilowa hujifumua na kuyashika maji. Dume huruka nayo, pengine kilomita 30, kisha husimama wima, na makinda huyafyonza manyoya kwa midomo yao. Mwingereza Meade-Waldo, aliyewafuga ndege hao, aliandika habari hiyo mwaka 1896, wengi wasimsadiki. Mwaka 1967 Cade na Maclean wakaithibitisha huko Kalahari. Mzigo wake ni kama mililita 25, yaani vijiko vitano vya chai. Na ndege mwenyewe hafiki robo kilo! Usiku, tena, ndiye aatamiaye mayai.

Kutoka Kasindi hadi Beni hatukusema neno. Twajua mwanamume wa kwetu hubeba maji kwa baiskeli ili ayauze. Kuyabeba kwa ajili ya nyumba yake ni kichekesho.

Siku ya pili tulichukua bidoni, tukashuka. Akina mama kisimani wakanyamaza. Mmoja akauliza, "Baba, mama ni mgonjwa?"

"La, ni mzima."

Hapo walicheka hata tukasahau kukaza kifuniko. Tulifika nyumbani suruali imelowa hadi magotini na bidoni limepungua. Binti yetu alilitazama, akatutazama, akasema, "Baba, kesho nitakufundisha kuvaa ukanda."