Nilipasuliwa Shingo, na Sauti Yangu Ipo

Nafundisha Gredi ya Nne mjini Isiolo, na Jumamosi nawafundisha mabinti kaswida madrasani. Uvimbe ulipoota upande wa kulia wa shingo, kilichonitisha kuliko kifo ni kupotewa na sauti. Mtandio uliuficha muda mrefu. Lakini kila nikimeza niliuhisi ukipanda na kushuka, na nikilala chali pumzi ilibana.

Mama mkwe alishikilia kwamba ni upungufu wa chumvi. Simlaumu; wazee wa rika lake waliyaona marovu makubwa kabla chumvi ya Kenya haijaanza kutiwa iodini miaka ya 1970. Mimi nimeila chumvi hiyo tangu utotoni, na uvimbe ukaja vilevile.

Daktari alinipa kikombe cha maji. "Mwalimu, kunywa funda moja." Nikameza, naye akitazama uvimbe ukipanda pamoja na funda. "Hii ni tezi ya thairoidi," akasema. Nikapimwa damu, nikapigwa ultrasaundi, kisha nikadungwa sindano nyembamba ya kuchota chembe. Alhamdulillahi, haikuwa saratani.

Vinundu vingi vya thairoidi si saratani, na vingi huachwa bila kisu, vikapimwa kila baada ya muda. Upasuaji huja kinundu kinapobana koo, kinapomwaga homoni kupita kiasi, au kinaposhukiwa kuwa saratani. Changu kilikuwa kinasukuma bomba la hewa. Nikaandikiwa rufaa, tukapanda basi, tukapitia Timau na Nanyuki hadi Nairobi.

Kule nilielezwa kwamba tezi ina pande mbili, na daktari anaweza kutoa upande mmoja au tezi nzima. Ukitolewa yote, utameza kidonge cha homoni kila asubuhi kabla ya kula, maisha yako yote. Theodor Kocher wa Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii, aliona wagonjwa wake waliotolewa tezi nzima wakizubaa na kuvimba, kwa kuwa hapakuwa na dawa ya kuifidia. Leo dawa ipo, na jirani yangu wodini, mwenye vinundu pande zote mbili, alitolewa yote. Mimi kinundu kilikuwa kimoja, upande mmoja. Nikatolewa nusu.

Mpasuaji hakunificha hatari. Mshipa wa fahamu wa sauti hupita nyuma ya tezi. Ukiguswa vibaya, sauti hukwaruza. Kando yake kuna tezi nyingine nne, ndogo kama punje za mchele, zinazolinda kalsiamu mwilini. Zikiumia, midomo na vidole hufa ganzi.

Nilipozinduka, alisimama kando ya kitanda. "Hebu taja jina lako, Mwalimu." Nikalitaja. Lilitoka likiwa na mikwaruzo, lakini lilitoka, nami nikalia. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa nikiita watoto uwanjani, na leo nazipanda zile sauti za juu za kaswida bila shida.

Dada, kaka, uliye Merti, Garbatulla au hapa Bula Pesa na uvimbe shingoni: nenda ukapimwe. Ukiambiwa upasuliwe, muulize daktari ni nusu au ni yote, kwa sababu gani, na yeye mwenyewe amezoea upasuaji huo kiasi gani. Una haki ya kujibiwa.