Hamstashara, thelathini, arobaini: Tenisi ya mataifa madogo kisiwani Malta

Chukua ramani ya Ulaya uitandaze mezani. Utaona Ufaransa, utaona Ujerumani, kisha utaona vijidoa ambavyo mchora ramani alishindwa hata kuvipatia nafasi ya jina. Wenyeji wa vijidoa hivyo nao hucheza tenisi, tena wana mashindano yao. Basi twende Malta tukayaone.

Malta iko baharini baina ya Sicily na pwani ya Libya. Nchi nzima ni kilomita 316 za mraba, na wakazi wake wamepita nusu milioni kidogo tu, ilhali Mombasa pekee ilikuwa na watu milioni 1.2 katika sensa ya 2019. Usiidharau lakini. Ilipata uhuru Septemba 1964, miezi tisa baada yetu, na kama sisi ilirithi kwa Mwingereza desturi ya kuendesha magari upande wa kushoto. Hadi 2011 ungelipenda pia mabasi yake ya zamani ya rangi ya manjano, ambayo kila mwenye basi aliyapamba kwa vyuma vya kung'aa na picha za watakatifu. Kijana wa Nairobi aliyezoea matatu asingeshangaa hata kidogo. Mabasi hayo yaliondolewa barabarani mwaka huo, na mpaka leo wazee wanayasikitikia.

Ukishuka kwenye uwanja wa ndege wa Luqa na kushika njia ya kwenda Valletta, mji mkuu, utapita karibu na bonde la Marsa, mwisho wa ile Bandari Kuu. Hapo ndipo jeshi la Waturuki lilipopiga kambi mwaka 1565 lilipouzingira mji na kushindwa kuuteka. Mwaka uliofuata wenyeji wakaanza kuijenga Valletta kwa mawe yale yale ya rangi ya asali unayoyaona hadi leo. Ngome zake na Fort Jesus yetu, iliyoanza kujengwa 1593, ni za karne moja.

Siku hizi vita vya Marsa ni vya raketi. Viwanja vya hapo vina historia yake: klabu yenyewe ilianza kama ya wanajeshi wa Uingereza, na jirani yake kuna gofu na mbio za farasi, mambo ambayo mzee yeyote anayezikumbuka klabu za Nairobi za enzi ya ukoloni atayatambua bila kuelezwa. Wanajeshi hao waliondoka Malta kabisa tarehe 31 Machi 1979. Mwaka 2023, watoto wa kisiwa hicho walicheza Marsa wakiwa wenyeji, chini ya bendera yao, katika Michezo ya Mataifa Madogo ya Ulaya.

Michezo hiyo ilianzia San Marino mwaka 1985, na hufanyika kila baada ya miaka miwili. Iliwekwa kwa ajili ya nchi zenye watu wasiofika milioni moja. Waanzilishi walikuwa wanane: Andorra, Cyprus, Iceland, Liechtenstein, Luxembourg, Malta, Monaco na San Marino, Montenegro ilijiunga baadaye. Nao hawalingani. San Marino ina watu kama 34,000. Wote, na vitoto vyao mgongoni, wangeingia Kasarani na viti vikabaki.

Sasa fikiria hali ya msichana mcheza tenisi kutoka nchi kama hiyo. Katika mashindano ya kulipwa yeye ni jina tu kwenye orodha ndefu. Nauli na hoteli ni juu yake, na akitolewa raundi ya kwanza hakuna anayeuliza alikotoka. Liechtenstein ilisubiri hadi 2018 kumwona mchezaji wake, Kathinka von Deichmann, akiingia katika droo kuu ya moja ya yale mashindano manne makubwa, huko Marekani. Katika Michezo ya Mataifa Madogo hakuna hundi ya ushindi wala pointi za orodha ya dunia. Kuna medali, na kuna wimbo wa taifa unaopigwa kwa ajili yako mbele ya shangazi zako.

Kinachowatesa wachezaji ni tarehe. Michezo huangukia mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, majira yale yale ya mashindano makubwa ya Ufaransa. Mwaka 2023 yote mawili yalianza siku moja, tarehe 28 Mei. Kwa hiyo mchezaji akipanda kiwango hadi Paris ikamwita, lazima achague: taifa au riziki. Mimi simlaumu achaguaye Paris. Hata hivyo nchi hizi hutoa majabali. Marcos Baghdatis wa Cyprus alifika fainali Australia 2006; Gilles Müller wa Luxembourg alimtoa Rafael Nadal Wimbledon 2017, seti ya tano ikiisha 15-13; na Oktoba 2025 Valentin Vacherot wa Monaco, akiwa nambari 204 duniani, alitwaa taji la Shanghai kwa kumshinda binamu yake katika fainali.

Kabla hujaondoka Marsa, fanya jambo moja. Mwombe Mmalta akuhesabie pointi za tenisi kwa lugha yake. Atakuambia: ħmistax, tletin, erbgħin. Sikiliza vizuri. Tletin ni thelathini, erbgħin ni arobaini, na ħmistax ndiyo hamstashara ya wazee wetu wa Lamu na Mombasa. Seti ikiisha sita kwa saba, atasema sitta na sebgħa. Kimalta kilizaliwa na Kiarabu, nasi tulikopa tarakimu hizo huko huko. Ukishamaliza kucheka, nunua pastizzi, andazi la tabaka tabaka lililojazwa jibini au njegere, ule likiwa moto kama unavyokula sambusa.

Andorra ilikuwa mwenyeji mwaka 2025, baada ya zamu yake ya 2021 kufutwa kwa sababu ya korona. Zamu ya 2027 ni ya Monaco, nchi ya kilomita mbili za mraba, ndogo kiasi kwamba klabu mashuhuri ya tenisi ya Monte Carlo ilibidi ijengwe ng'ambo ya mpaka, kwenye ardhi ya Ufaransa.