Kabla ya kulaumu netiweki, pimeni kwanza

Leo naandika kuhusu foleni, si ile ya maji, ni ile ya dirishani, watu wakingoja tutafute majina yao kwenye kompyuta.

Pale ninapojitolea, jina moja lilichukua karibu dakika nzima. Saa ya kufunga ikifika wazee waliambiwa tu, "Rudini kesho." Kila mtu alikuwa na sababu yake: netiweki mbaya, sola haina nguvu, tuombe kompyuta mpya. Na databesi iko ndani ya kompyuta ileile, haigusi hata intaneti! Ila hakuna aliyepima.

Basi tukapima. MySQL ina daftari la maswali yanayochelewa, slow query log. Kwa kawaida huwa limezimwa, ni wewe uliwashe. Tena kipimo chake ni sekunde 10, yaani swali la sekunde 9 haliandikwi. Tukashusha hadi sekunde 1, tukaacha kazi iendelee siku mbili. Kumbe karibu yote yaliyoandikwa ni swali moja: kutafuta jina.

Tukaweka neno EXPLAIN mbele ya swali hilo. Kwenye safu ya type tukaona ALL. Maana yake kompyuta inasoma jedwali zima, mgao wa miaka yote, kama mtu anayebisha hodi kila nyumba kambini akimtafuta mtu mmoja. Namba ya kadi ilikuwa na indeksi, jina halina.

Tukaweka indeksi kwenye jina, bado pole pole. Programu ilikuwa inatafuta herufi popote ndani ya jina, alama ya % ikiwa mbele. Indeksi imepangwa kama kamusi. Neno usilojua linaanzaje, kamusi itakusaidia nini? Sasa tunatafuta kwa namba ya kadi, na kwa asiye na kadi, kwa herufi tatu za mwanzo wa jina. Haifiki hata sekunde moja.

Ndugu zetu wa mashirika, mkiambiwa mfumo ni mzito, ulizeni: ni swali gani, na linasoma mistari mingapi? Kompyuta mpya baadaye.

Na moja la mwisho. Daftari lile linaandika swali zima, pamoja na jina la mtu. Kwa sisi wakimbizi, jina si kitu cha kuacha ovyo. Mkimaliza kupima, lizimeni, kisha mlifute.