Mukuyuni: Fedha ndogo iliyolala ndani ya kibuyu cha ugoro

Ukipanda matatu mjini Machakos kuelekea Wote, ndugu msomaji, jitahidi upate kiti cha dirishani. Ukishaipita Kola, barabara huanza kupindapinda kati ya vilima, na kila upande utaona matuta yaliyochimbwa kwa jembe na jasho ili udongo usichukuliwe na mvua. Miembe na michungwa imesimama kwenye miteremko. Kabla hujachoka kutazama, utasikia utingo akipaza sauti: "Mukuyuni! Wa Mukuyuni washuke!"

Jina lenyewe halihitaji mkalimani. Kile Waswahili wakiitacho mkuyu, Wakamba hukiita mukuyu. Mukuyuni basi ni mahali penye mkuyu, mti wa kivuli ambao wazee wengi wameketi chini yake kusikiza kesi, kugawa mashamba na kupatanisha majirani.

Mimi sikushuka hapo kununua maembe. Nilikuwa nimepigiwa simu na kijana mmoja wa huko aliyekuwa na swali zito. Nyanya yake alikuwa na sarafu ndogo ya fedha. Mtu mmoja mwenye pikipiki, ambaye huzunguka boma hadi boma akinunua sarafu kuukuu, alikuwa ameahidi kuilipia shilingi 1,000 na kusema kwamba angerudi Jumamosi. Dada yake kijana huyo alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Je, waiuze?

Nilimkuta nyanya ameketi kwenye kigoda akichambua pojo. Baada ya kujuliana hali na kunywa chai, aliingia ndani na kurudi na kibuyu kidogo cha ugoro kilichong'aa kwa kushikwashikwa. Alikigonga mara mbili kwenye kiganja. Kikatoka kitu cheusi, chembamba, si kipana kuliko ukucha wa kidole gumba.

"Ilikuwa ya babu ya mume wangu," alisema. "Aliitoa Mombasa alipokwenda kubeba mizigo."

Mjukuu alikuwa tayari na jivu na kipande cha limau. "Susu, tuisugue kwanza ing'ae, ndipo bei ipande," alisema.

Nilimshika mkono. Naam, hilo ndilo kosa la kwanza, msomaji, na huenda nawe umewahi kulifanya.

Namna ya kuitambua

Fedha hubadilika rangi ikawa nyeusi kadiri inavyokaa. Weusi huo si uchafu bali ni ngozi ya uzee wake, na ukiisugua kwa jivu, mchanga au limau, unakwangua pia herufi na picha zilizobaki. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa kweli, lakini mjuzi akiiona hutikisa kichwa.

La pili ni sumaku. Fedha halisi hainaswi na sumaku. Ikinaswa, unayo chuma iliyopakwa rangi. Hata hivyo, isiponaswa usishangilie upesi, kwani shaba na risasi pia hazinaswi.

La tatu ni umbo. Sarafu za mashine huwa duara kamili, zenye unene ulio sawa, na nyingi zina meno madogo kwenye ukingo. Meno hayo yaliwekwa ili wezi wasikwangue fedha pembeni na kuipitisha sarafu iliyopungua. Sarafu za kale zilizogongwa kwa nyundo huwa na ukingo usio sawa, na mara nyingi picha imeegemea upande mmoja. Nayo sarafu bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huacha mstari wa muungano pembeni, na herufi zake huonekana kama zimevimba.

La nne ni uzito. Nilikuwa nimeazima mizani ndogo ya sonara. Sarafu ya nyanya ilikuwa na gramu moja na nusu, ikipungua kidogo. Tulipoielekeza kwenye jua na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, tuliona mizani iliyochorwa, na upande wa pili jua lenye taji. Herufi chache zilisomeka, na mwaka pia: 1890.

Hapo fumbo likafumbuka. Ilikuwa ana mbili za Kampuni ya Imperial British East Africa, ile iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kuendesha mambo ya eneo hili hadi serikali ya Uingereza ilipolitwaa mwaka 1895. Sarafu zake zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, zikiwa na jina la Mombasa. Rupia moja ilikuwa na ana 16, kwa hivyo ana mbili ni sehemu ya nane ya rupia. Msomaji wa pwani atatabasamu hapa, kwa kuwa neno letu thumni asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni hiyo hiyo: sehemu ya nane.

Fedha ilivyopanda bara

Usidhani Ukambani palikuwa kisiwa. Kabla ya Kampuni kuja, Wakamba ndio waliokuwa wakiongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849 alipokewa na Kivui Mwenda wa Kitui, mfanyabiashara mwenye sifa kubwa. Huku bara malipo yalikuwa nguo, shanga na waya, lakini pwani kulikuwa na riale ya Maria Theresa. Ukiiona riale hiyo yenye mwaka 1780, usifikiri lazima imetengenezwa mwaka huo. Iliendelea kugongwa kwa miaka mingi na mwaka ule ule, kwa sababu wafanyabiashara hawakuiamini iliyokuwa na tarehe nyingine.

Baadaye Kampuni iliweka kituo chake Machakos, na njia ya Uganda ikajaa wapagazi. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1901, mtu alilazimika kuitafuta rupia hata kama hakuitaka. Kisha zikaja shilingi zenye simba, kuanzia zile za mwaka 1921. Wengi wetu tunazo nyumbani na tunaapa kwamba ni fedha tupu. Ukweli ni kwamba fedha ndani yake ni robo tu, na tangu zile za mwaka 1948 haimo kabisa.

Hata hivyo, ana mbili ya nyanya ni mtoto mchanga ikilinganishwa na fedha nyingine za nchi zetu. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kupata visarafu vya fedha vidogo mno, vyenye majina ya Kiislamu, vilivyotengenezwa papo hapo pwani zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Watu wetu walikuwa wakitengeneza sarafu zao karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya Mreno kuonekana.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nimshike kijana mkono kwa mara ya pili. Sarafu zile za Mtambwe zina majina ya watawala lakini hazina tarehe. Umri wake ulijulikanaje? Ni kwa sababu katika hazina hiyo zilikuwamo pia dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo, na hizo zilikuwa na tarehe. Ndipo wataalamu wakajua kwamba hazina ilifichwa katika karne ya 11. Lau mtu angezichimbua usiku, akauza dhahabu huku na fedha kule, sarafu zingebaki lakini habari yake ingepotea kabisa.

Sheria yasemaje?

Kijana aliniuliza kama wana makosa kuwa nayo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kama kitu cha kale chombo chochote, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Sarafu ya nyanya, kwa miaka mitano tu, imo. Sheria hailengi kuvizia kibuyu cha ugoro. Inalenga biashara, ambayo huhitaji leseni, na kuvipeleka vitu hivyo nje ya nchi, jambo linalohitaji kibali. Ukikiokota kitu cha kale ardhini, yafaa uwajulishe Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7 na kueleza ulikipata wapi.

Jumamosi pikipiki ilikuja. Mnunuzi alivua kofia, akasalimu kwa adabu, akaongeza bei hadi shilingi 1,500. Nyanya alimwomba aonyeshe leseni yake. Akasema ameiacha nyumbani. Akaambiwa aifuate, na hadi ninaondoka hakuwa amerudi.

Je, karo? Siku ya soko mbuzi mmoja alitolewa zizini, na msichana akarudi shuleni Jumatatu. Nilimuuliza nyanya kama hakuona uchungu kumuuza mnyama na kubaki na kipande cheusi kisicholiwa wala kukamuliwa.

"Mbuzi atazaliwa mwingine," alinijibu. "Hiki hakizai."

Kisha akamwambia mjukuu wake alete daftari. Jioni hiyo, mbele ya kibatari, alimtajia jina la babu wa mumewe, la mto waliovuka wakishuka pwani, la wenzake wawili ambao hawakurudi, na jina la aliyeipokea sarafu kutoka kwake. Kijana aliandika kurasa tatu. Sarafu ikafungwa kwa kipande cha kitambaa cha pamba na kurudi kibuyuni.

Basi, ndugu msomaji, sisi ambao lugha yetu huita pesa na madini haya kwa neno moja, fedha, tusidanganyike kwamba thamani zake ni moja. Kama nyumbani kwenu kuna kibuyu, sanduku au kiondo kinachotoa mlio kikitikiswa, usikimbilie limau wala mnunuzi. Tafuta daftari, kisha ukaketi karibu na nyanya yako wakati bado yupo wa kukueleza.