Mwaka wa 1900 Ulivyonitoa Kijasho

Ukinisikia nikiisifu kompyuta leo usidhani tumekuwa marafiki tangu jadi. Muhula wa kwanza nusura niliache somo hilo. Barua ya kuomba ruhusa nilikuwa nimeshaiandika, imo mkobani.

Chanzo kilikuwa swali dogo tu: andika programu itakayopokea mwaka na kusema kama ni mwaka mrefu, yaani wenye siku 366. Loo, kazi rahisi kama kunywa maji! Sisi watatu tunaotumia mashine moja tukaikimbilia kibodi. Mwaka ukigawanyika kwa 4 bila baki, ni mrefu. Tukajaribu 2024, ikakubali. 2023, ikakataa. Tukajipiga kifua. Mwalimu akaja, akaandika 1900. Kompyuta ikajibu bila haya kwamba ni mrefu, ilhali mwaka huo ulikuwa na siku 365. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni mwalimu wa Hisabati alinikuta nimejiinamia karibu na lango. Yeye mambo ya kompyuta si yake, husema mwenyewe. Aliniuliza tu, "Umepewa nini? Unatafuta nini?" Nikababaika. Ndipo akanisimulia habari za George Pólya, mwanahisabati aliyezaliwa Budapest mwaka 1887, ambaye katika kitabu chake cha 1945 alieleza hatua 4 za kutatua swali: lielewe, panga njia, ifuate, kisha rudi nyuma ukague. Kumbe sisi tulianzia ya 3!

"Haya, toa karatasi." Mkono ukaibuka na ile barua. Nikaigeuza upande wa nyuma. Tukapiga hesabu polepole: 1900, 2000, 2023, 2024. Hapo nikaona kwamba mwaka unaoishia na sufuri mbili haitoshi ugawanyike kwa 4, sharti ugawanyike kwa 400. Tena mpangilio una maana: iulizwe 400 kwanza, halafu 100, halafu 4. Ukianza na 4, 1900 imeshapita mlangoni kabla hujaizuia.

Mimi naona hatua ya 4 ndiyo tunayoidharau zaidi. Kwenye Hisabati nikipata jibu huwa nalipigia mistari miwili, basi, kalamu chini.

Kesho yake programu ilijibu sawa miaka yote minne. Barua sikuipeleka, ningeipelekaje na hesabu mgongoni? Lakini juzi mwenzangu mtundu aliandika "embe" mahali pa mwaka, programu ikakwama. Tumerudi kwenye karatasi.