Umeklia?

Malaba dereva wa lori haulizwi anaendelea aje. Anaulizwa, "Umeklia?" Hata Busia, ambako siku hizi unasimama kituo kimoja badala ya viwili, swali ni lile lile.

Mama yangu alikuwa na kibanda cha chai kando ya foleni. Dereva ambaye karatasi zake hazijapita forodhani alikuwa mteja, ila pia alikuwa hatari, maana pesa za safari huisha. "Mathe, niandikie. Nikiklia nitakulipa." Naye: "Baba, klia na mimi kwanza, ndio uende kwa hao wa forodha."

Waingereza walitoa "clear" kwa Wafaransa, nao Wafaransa kwa Kilatini, "clarus": angavu. Mbingu bila wingu. Baadaye kitenzi kikaanza kuondoa vitu: msitu, deni, mwishowe mzigo bandarini. Januari 2022 Uganda ilidai kila dereva apimwe Covid kwa dola 30, madereva wakagoma, na lori zikajipanga kilomita baada ya kilomita. Jua lilikuwa linawaka vizuri tu. Hakuna aliyeklia.

Kiswahili kina neno lake la kazi hii, kugomboa. Dar bado wanalitumia, mzigo unagombolewa bandarini. Ni ndugu ya kukomboa, na mimi nalipenda kwa sababu linakubali kwamba kuna mtu ameshika kitu chako na anataka pesa. "Clear" inajifanya inapangusa vumbi.

Nilipoklia fomu foo (Wakenya tunasema hivyo, maana yake umemaliza), shule ilikataa kunipa cheti. "Hajaklia karo," bursa alisema. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inakataza shule kushikilia cheti cha mtu, lakini jaribu kuisoma kwa sauti mbele ya dirisha la bursa. Miaka mitatu nilijaza fomu za kazi nikisema nimeklia, shule ikisema sijaklia, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Vibarua nilivyopata ni vile visivyouliza cheti.

Mama hakuwahi kulitumia neno hilo kwangu. Asubuhi aliyofunga pesa kwa leso, alipanda boda (jina lililozaliwa huku kwetu mpakani) akamwambia kijana, "Nipeleke shule haraka, naenda kukomboa mtoto."

Kijana akamuuliza kama nimeshikwa na polisi.